Mama Yumba Aliitwa wa Mwisho

Nikimwona Mama Yumba (Yumba ni jina lake mwenyewe, si la mwanawe) barabarani hapa Kamina, hadi leo navuka upande wa pili, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Aibu hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu, tena kwa uvivu wa dakika tano, kwa hiyo chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ndiye ninayeshughulikia tovuti ya parokia yetu (kazi ya kujitolea, ila watu waliniita "informaticien", yaani mtaalamu wa kompyuta, na nililipenda jina kuliko kazi). Humo tunatangaza ndoa, ubatizo na misiba, na karatasi za mazishi tunazichapa kutoka humo humo. Sasa mfumo unaopanga kurasa zile ulikuwa na kasoro moja, orodha ya majina unaipanga kwa alfabeti, na kwetu watoto wa marehemu hawaitwi kwa alfabeti, wanaitwa kwa kuzaliwa, na mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Basi nikaandika plagini yangu, kijiprogramu cha kuongezea, cha kupanga majina kwa umri. Nikajiona fundi.

Yaya Pascal (kwetu yaya ni kaka mkubwa), aliyenifundisha kazi hii, akaniuliza nimeiweka wapi. Nikamwambia nimeiweka kwenye folda ya mfumo wenyewe, kwa jina lilelile la plagini yake ya kupanga, nikaifuta ile ya watengenezaji, na mambo yanakwenda.

"Apana, mudogo yangu," akasema. "Usiweke bintu byako mu nyumba ya mwenye nyumba. Siku atapakaa rangi ya mupya, atabitupa inje. Tengeneza folda yako, halafu uambie système kwenye iko."

Nikamjibu kesho. Mnaijua kesho yangu.

Kisha mama yake Mama Yumba akafariki. Mama Yumba ndiye mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyemwogesha na kumlisha mzazi wake miaka yote ile ya kulala kitandani, wakati wadogo zake wako mbali, na Banza, kitinda mimba, yuko Lubumbashi hata simu hapigi. Alikuja tukakaa, akanitajia majina moja moja na mwaka wa kila mmoja.

"Andika muzuri, mutoto yangu," akaniambia. "Sababu mukubwa njo anafungulaka njia. Minyi sina tena kingine ya kumupa mama."

Asubuhi ya mazishi mtandao ulikuwa mzuri ajabu (huku kwetu jambo hilo halipiti bure), mfumo ukaniomba niusasishe, nami nikabonyeza ndiyo kama mtu anayekaribishwa chakula, ukafuta folda yake nzima na kuweka mpya, plagini yangu ikapotelea humo na ile yao ya alfabeti ikarudi mahali pake, hakuna onyo, hakuna kosa, ukurasa unameremeta, nikachapa karatasi nikamkabidhi katekista bila kuisoma. Narudia: bila kuisoma.

Katekista alikuwa mgeni, familia haijui, akasoma alichopewa.

"Banza!"

Watu wakatazamana. Banza mwenyewe alisita, akamwangalia dada yake, kisha akaenda. Mama Yumba alikuwa ameshainama na kuchota udongo wake, amesimama nao mkononi. Akaitwa Kalenga. Akaitwa Mwamba, akaitwa Ngoie, na kila jina udongo unamvuja katikati ya vidole, na mimi kule nyuma nilielewa tangu jina la kwanza, ningeweza kupenya watu nikamnong'oneza katekista, lakini watu wangejua kosa ni langu, basi nikatazama viatu vyangu. Alipoitwa yeye, wa mwisho, alifungua kiganja na kilikuwa kimebaki na vumbi tu.

Mjomba wao akauliza kwa ukali, "Nani njo aliandika hii karatasi?"

Katekista akaninyooshea kidole. Macho yote kwangu.

"Ni machine, papa," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo, kando ya kaburi.)

Mama Yumba hakupaza sauti. "Machine haikuikala na minyi pa kiti. Weye njo uliikala, nikakuambia majina moya moya."

Alisema kweli: aliyekaa naye kitini kuandika majina ni mimi, si mashine.

Siku ileile nikatengeneza folda yangu, pembeni, mbali na ya mfumo, nikaweka humo nakala ya plagini iliyobaki kwenye kompyuta yangu, nikauonyesha mfumo iliko. Kazi ya dakika tano, nilizihesabu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu bado nampakata. Sitaweka tena kitu changu kwenye nyumba ya mwingine, na karatasi yenye majina ya watu haitoki mikononi mwangu kabla sijaisoma kwa sauti.

Folda hiyo nimeiita Yumba. Ila kompyuta nayo inapanga kwa alfabeti, kwa hiyo kila nikiifungua namkuta chini kabisa, wa mwisho, ananisubiri.