Mwiko Nilioutunga kwa Sababu ya Goti

Kosa ni langu mwenyewe, hata shetani msimsingizie. Nilikuwa nimechoka tu.

Kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu. Nawachukua Babati mjini, tunaanzia Bonga, tunapita mashamba ya mahindi na mbaazi, kisha tunapanda msitu wa zamani ambao wazee wetu walikwenda kuombea mvua. Historia yake ya kweli inatosha kabisa. Mimi nikaona haitoshi.

Siku moja nilikuwa na walimu sita waliokuwa likizoni. Tulipofika kwenye mikuyu mikubwa, kikabaki kile kipande cha mwisho chenye mwinuko mkali, na goti langu likagoma. Mwalimu mmoja akauliza mbona hatuendelei. Badala ya kusema goti linauma, nikavua kofia. Nikawaambia hapa wamelala wakubwa wa zamani, mtu havuki, na mwanamke akiokota hata kijiti kilichoanguka, hufiwa na mtoto.

Jamani, walivyoniamini! Mmoja akaandika kwenye daftari. Nikaona raha, na kila safari nikarudia na kutia chumvi.

Maneno yakateremka mlima kabla yangu. Mwenyekiti wa mtaa akatangaza mkutanoni kwamba pale kwenye mikuyu watu waache kuokota kuni. Nilikuwepo. Nilipiga makofi.

Sasa, aliyeokota kuni pale miaka yote ni shangazi yangu, Mama Paulo. Kwetu mti mbichi haukatwi msituni, lakini mjane huachiwa kuni zilizoanguka. Kwa kuni hizo alinilea, wazazi wangu walipofariki. Paulo, mwanawe wa pekee, aliondoka kwa malaria tukiwa darasa la tatu.

Baada ya wiki mbili nikaenda kumsalimia. Nilimkuta jikoni, mafiga ya baridi. Akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu:

"Miaka yote nilidhani ni malaria. Kumbe mimi ndiye niliyemuua Paulo, kwa kuni."

Nikapiga magoti, hata kwa lile bovu, nikamweleza kila kitu: walimu, mwinuko, kofia. Nilisema ni uongo mtupu, nimeutunga mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono kichwani.

"Una huruma, baba. Tangu ukiwa mdogo hukupenda kuniona nikilia."

Hakuniamini! Nikasimama mkutanoni kuungama mbele ya watu. Wakasema msitu umenitisha, ndiyo maana nakana. Wengine sasa wanaogopa hata kupita karibu, na goti langu limekuwa ushahidi.

Naumia sana. Yule mama alikwishamaliza kumlilia mwanawe, nami nimemrudisha mwanzo.

Wenzangu mnaotembeza wageni, goti likiuma semeni goti linauma. Msipojua jina la mti, semeni hamjui. Uongo wa kuwafurahisha wapita njia hubaki na wenyeji wakishaondoka.

Juzi shangazi alinipa jogoo wake mmoja aliyebaki. Kaniomba nimpeleke kwenye mikuyu, nimchinje pale na kumwombea yeye msamaha. Nilishindwa kukataa, na kumchinja nimeshindwa. Yupo nyumbani kwangu, na kila alfajiri ananiamsha.