Hukumu Iliyoishia Mpakani

Mtoto wa dada yangu ni wakili. Akitaka hukumu ya Nairobi au Kampala huitafuta kwenye kompyuta, na kabla sijavaa miwani yangu ameshaipata. Mimi ya kwangu niliisubiri mpaka mwanangu akanisahau.

Mume wangu alikuwa mtu wa Mombasa. Tulipoachana, miaka ya sabini ikianza, alimchukua binti yetu, angali mdogo wa kubebwa, akasema anampeleka kumwona bibi yake. Hakumrudisha. Mahakama ya Bagamoyo ikanipa mimi haki ya kumlea, nikatoka pale nacheka huku nalia. Hakimu akaniita.

"Dada, hukumu yangu inaishia mpakani. Kule, lazima mahakama yao iikubali."

"Wataikubali, mheshimiwa?"

"Nasikia kuna mama wa Tanga alikubaliwa kule. Tukiipata hukumu yake, kesi yako itakuwa nyepesi. Lakini kitabu chenye hukumu hiyo sina."

Hata Dar es Salaam hakikuwepo; kiliazimwa, hakikurudi. Hakimu akaandika barua Nairobi kukiomba. Nikawa napita mahakamani kila nikitoka sokoni, hata ikawa hakimu ananitikisia kichwa kwa mbali. Kwetu Dunda nilishona gauni kila Idi, nalipima kwa binti wa jirani aliyelingana na mwanangu. Likiisha, nampa huyo huyo alivae.

Hukumu ya yule mama ilipofika hatimaye, Mombasa hawakuchelewa kunikubalia. Nikapanda basi la Tanga, nikavuka Horohoro.

Kwa mama mkwe wangu, mlango alinifungulia mwanangu mwenyewe. Nilimjua kwa nyusi. Akageuka, akamwita bibi yake kama wanavyoita kule:

"Nyanya, kuna mgeni!"

Haki yote ilikuwa yangu. Lakini mtoto aling'ang'ania kanga ya bibi yake, na yule mama mkwe wangu alikuwa analia bila sauti, wala hakunitazama. Sikuweza kumbandua. Nikaomba kukaa pale pale, nikawa namsuka nywele kila asubuhi, mpaka siku moja akaniuliza, "Kwenu kuna bahari?"

"Ipo, mwanangu."

"Basi nitakuja shule ikifungwa."

Akaja kweli. Akalala ubavuni mwangu, akala visheti, akaniita "ndoo" kama wasemavyo Mombasa, badala ya "njoo", tukachekana nyumba nzima. Shule ilipofunguliwa nilimrudisha kama tulivyokubaliana na bibi yake, ili likizo nyingine aje tena. Kabla ya likizo hiyo, nchi zetu mbili zikakosana, mpaka ukafungwa.

Miaka ikapita. Ulipofunguliwa alikuja msichana mrefu kunipita, ndani ya buibui. Akaniamkia na kunibusu mkono kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mama wa rafiki yake. Nikamkaribisha ndani, nikamimina chai, kisha nikasimama na kijiko mkononi, ikanibidi nimuulize mwanangu anapenda sukari kiasi gani.