Kijiti Ndani ya Juzuu

Watoto wa madrasa yetu hapo Nakuru, nyuma ya maduka, nawakumbuka wote kwa majina, na majina ya mama zao. Sitayaandika. Tulikaa mkeka mmoja: Wanubi, Wasomali, Wahindi wawili, watoto wa watu wa pwani, na mimi Mkikuyu peke yangu, kwa vile baba alisilimu akifanya kazi kwa mchinjaji wa Kinubi.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, wa kukohoakohoa. Hakupanga watu kwa kabila. Ulikaa pale ulipofikia katika juzuu, kile kitabu kidogo cha kuanzia Kurani, na aliyetangulia alimsomesha wa nyuma yake. Kila mmoja alitia kijiti pale alipokoma. Hukisogezi mpaka mwalimu akusikilize mwenyewe.

Siku moja binti wa Kisomali alinicheka nikisoma kwa lafudhi yangu ya Kikikuyu.

"Wewe, unamsomea Mungu ama unauza viazi?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo.

"Hata mimi Mwarabu akinisikia hucheka," akasema. "Haya, mama viazi, msomeshe huyu. Yuko nyuma yako sura mbili."

Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza. Na mimi nilitaka kitu kimoja tu, kuhitimu. Mama alishaniahidi halua.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, Wakikuyu wakawa wanakusanywa na askari wa mkoloni. Asubuhi moja tukapandishwa lori, baba na kofia yake kichwani. Mwalimu akaja mbio, kiatu mguu mmoja.

"Afande, hawa ni watu wa msikiti!"

"Kofia haibadilishi kabila, mzee. Rudi, ama upande pia."

Akanirushia juzuu yangu, kijiti kikiwa ndani. "Usikisogeze, mwanangu. Nitakuja nikusikilize." Kisha akarudi. Simlaumu.

Kule tulikopelekwa hakukuwa na msikiti wala wa kunisikiliza. Nilirudia kurasa zile zile mpaka zikachanika. Baba akaacha kuvaa kofia.

Niliporudi Nakuru nilikuwa na mtoto mgongoni. Madrasa ilikuwa stoo ya mahindi.

"Yule mzee wa kikohozi?" mwenye stoo akasema. "Alizikwa zamani, mama."

Siku hizi wajukuu huniambia, nyanya, soma tu mbele, nani atakukataza? Najua hakuna. Nikimaliza kusali nafungua juzuu, nasoma mpaka kwenye kijiti, nafunga.