Mguu Niliomficha Mkwe Wangu

Nilipotoka hospitali na goti jipya la chuma, binti yangu alikataa nirudi kwangu Musonoi. Mimi ni mjane, naishi peke yangu, na njia ya kwenda chooni kwangu ina mawe matupu. Akanichukua nyumbani kwake mjini Kolwezi. Nilikubali kwa mdomo tu, kwa sababu katika nyumba hiyo kuna mwanamume, na mwanamume huyo ni mkwe wangu.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, na kama nimejilaza yeye haingii. Vijana wanaicheka desturi hiyo, na mchungaji wetu ameshaisema vibaya mimbarini zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa naitikia amina, kisha nakwenda kukaa benchi la mbali na mkwe wangu. Miaka yote ya ndoa yao nilijivuna kwamba hajawahi kuona hata goti langu.

Sasa goti ndilo lililokuwa habari ya nyumba nzima. Daktari alisema mguu ulazwe juu ya mito, kisigino kipite kimo cha moyo. Barafu ifungwe katika kitambaa na iwekwe gotini mara kadhaa kwa siku. Vidonge vya maumivu vinywewe baada ya kula, na goti likunjwe na kunyooshwa hata likiuma. Binti yangu aliyabandika maagizo hayo kwenye friji. Chumba cha wajukuu kilikuwa na vitanda vya ghorofa, visivyonifaa mchana, kwa hiyo nikapewa kochi la sebuleni.

Wiki ya pili binti yangu aliirudia biashara yake. Huenda Mutshatsha kuchukua mkaa na maharagwe, na hukaa huko siku tatu au nne. Mkwe wangu alikuwa zamu ya usiku mgodini. Asubuhi alilala, adhuhuri aliamka, na kuanzia hapo mpaka jioni ndiye aliyeachiwa mguu wangu.

Kusema kweli alijitahidi kuliko watoto wengi wa kuzaa mwenyewe. Umeme ulipokatika, na kwetu hukatika, alikuwa akitoka kazini anapitia kwa wauza samaki wa baridi na kuniletea bonge la barafu ndani ya gunia. Alikohoa mlangoni kabla ya kuingia. Aliweka beseni mezani huku akitazama ukuta.

“Mama, glace iko pa meza. Balisema muguu ikae pa juu.”

“Aksanti, tata. Nitaiweka,” nilimjibu, nikimwita baba kwa heshima.

Sikuiweka. Kila niliposikia kikohozi chake nilishusha mguu sakafuni, nikavuta kitenge mpaka kwenye vidole, nikakaa wima kama niko ibadani. Naye, kwa kuogopa nisije nikaanguka bila mtu karibu, alikaa kwenye kiti cha mlangoni, amenipa mgongo nusu, akisikiliza redio yake mchana kutwa. Yeye ananilinda, mimi namngoja aondoke. Sahani yangu ilikaa imefunikwa, maana sili mbele ya mkwe, na vidonge navyo vikangoja sahani. Mazoezi ya kukunja goti ndiyo usiseme. Alipokwenda uani kidogo niliimwaga barafu dirishani, nyuma ya kochi, ili beseni lionekane limefanya kazi.

Nilijua ninachofanya. Niliona vidole vinang'aa, na maumivu yalipanda mpaka kwenye nyonga. Hasira zangu zote nilizielekeza kwake, eti kwa nini hana pa kwenda mtu huyu.

Siku ya nne binti yangu alirudi. Hata mizigo hakushusha. Alinijia moja kwa moja, akafunua kitenge, akabonyeza mundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye bukari ya moto, ugali wetu. Akamgeukia mumewe.

“Weye ulikuwa wapi? Nilikuachia mama, nilikuachia na makaratasi. Glace ulileta ao hapana?”

Mkwe wangu alinitazama. Hajawahi kunitazama machoni kabla ya siku ile, na hata siku ile haikuchukua muda. Kisha akaangalia sakafu.

“Nilileta. Ila nilikuwa nasinzia. Sikumufwata mama muzuri. Ni faute yangu.”

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno moja tu lingetosha. Badala yake niliomba maji ya kunywa.

Binti yangu alimpigia simu kaka yangu, na Jumapili kaka akaja baada ya ibada kumkalisha mkwe chini. Nilikuwepo, mguu juu ya mito mitatu, kwa sababu sasa binti alikuwa nyumbani na mito ilikuwa na kazi.

“Kama hauwezi kuangalia mama ya bibi yako, useme,” kaka alimwambia. “Tutamubeba kwetu.”

“Nasikia, tata,” alijibu mkwe wangu, akapiga makofi ya heshima taratibu.

Masikio yangu yalikuwa yanawaka kwa aibu. Lakini niliona aibu zaidi kuitwa mwongo mbele ya kaka yangu, basi nikachagua aibu ndogo na kumwachia mwenzangu ile kubwa.

Jumanne tulikwenda kwa kine, yule binti wa hospitali anayefanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alijaribu kulikunja goti, likagoma katikati. Akasema likibaki hivyo daktari atanilaza tena na kulikunja kwa nguvu.

“Nani anakusaidiaka ku nyumba, mama?”

“Bwana yangu,” binti yangu alijibu kabla yangu. “Lakini analalaka.”

Mlango ulikuwa wazi. Mkwe wangu alikuwa amesimama ukumbini, ametoka zamu bila kulala ili atulete, ameshika magongo yangu kwa mikono miwili. Hapo nilishindwa.

“Hapana, hakulala,” nilisema. “Ni mi njo nilikuwa namwanga glace ku dirisha. Na muguu nilikuwa naishusha.”

“Juu ya nini, mama?” kine aliuliza sababu.

“Ni mukwe.”

Kine alicheka, kisha akaona hacheki mtu mwingine, akarudi kushika goti. Binti yangu aliniuliza kama mumewe alijua. Nikamwambia alijua, maana kila siku chini ya dirisha palikuwa pamelowa na jua linawaka. Alitoka nje, akasimama kando ya mumewe. Sikusikia waliyosema.

Jioni hiyo nilimwita mkwe aingie bila kukohoa. Mguu ulikuwa juu ya mito, kovu wazi, barafu juu yake. Nilimwomba msamaha. Aliendelea kutazama ukuta, mazoea hayafi siku moja.

“Mama, kama ningesema, ungerudia Musonoi na muguu ile. Nakujua.”

Ni kweli, ningeondoka siku ile ile.

Goti linakunjika sasa, ingawa si lote. Mkwe wangu ndiye aliyenishika kisigino wiki baada ya wiki, akihesabu kwa sauti, nami nikilia mbele yake bila kujificha. Lakini kaka yangu alikuwa ameshaipeleka habari ya kusinzia kwake kwa ukoo, na mimi sikuifuata kuirudisha. Katika matanga ya juzi juzi, mbele ya wazee, kaka alimwonyesha mkwe wangu kwa kidole.

“Ule njo mutu wa kusinzia. Musimuachie mugonjwa.”

Watu walicheka, naye akacheka. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake, na mimi pia nikacheka.