Chupa Saba za Hani

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumamosi iliyopita, hapa nyumbani Kinyerezi, mwanangu alinionyesha simu yake. Stelingi wa gemu lake alikuwa amebakiwa na damu kidogo. Akafungua begi, akanywa asali, na ule mstari mwekundu wa damu ukajaa tena.

"Baba, ukiwa na asali humu hufi ovyo," akasema.

Nikainuka. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. "Mbona hutulii?" akauliza.

Wewe msomaji nitakueleza, maana bila shaka nanyi mlikuwa na kibanda cha gemu mtaani kwenu. Chetu kilikuwa Tabata, chumba cha mabati kilichojaa joto na harufu ya mihogo ya kukaanga iliyouzwa mlangoni. Televisheni moja, pedi mbili za kuchezea, benchi moja. Mchezaji hodari alikuwa binti wa jirani yetu, aliyekuja akishamaliza kuosha vyombo. Mie nilikuwa darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kumsomea maandishi ya Kiingereza. Neno nisilolijua nililikisia, wala sikusema kwamba nakisia.

Msituni stelingi aliokota chupa za njano zilizoandikwa "honey". Hilo nililijua vizuri; kila wimbo wa mapenzi redioni ulikuwa hani, hani, yaani mpenzi. Nikatangaza kwamba ni zawadi za kumpelekea mpenzi wake, malkia aliyefungwa ngomeni, zisiguswe. Nilizihesabu mwenyewe: saba.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwa binti. Kesho yake familia yao ilikuwa inahamia Mbagala, naye alitaka amwone malkia akitoka, jambo ambalo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuliona. Tukafika ngomeni. Jitu la mlangoni likampiga stelingi mpaka damu ikabaki chembe.

"Ninywe moja?"

"Wee! Za hani wake hizo."

"Zote saba? Kwani huyo hani anafungua duka?"

Benchi zima likacheka. "Sista, msikilize mtaalamu," akasema mwenye kibanda. Akanisikiliza. Jitu likashusha rungu mara moja tu.

Binti akaweka pedi chini taratibu. "Haya, mtaalamu. Hani wake ataozea humo humo." Akaondoka kwenda kumsaidia mama yake kufunga mizigo.

Wiki hiyo hiyo nilikohoa, na bibi akanipa kijiko cha asali aliyoletewa kutoka Tabora. "Meza, inarudisha nguvu," alisema, kama alivyosema kila mara. Nikameza, wala sikuunganisha chochote.

Miaka miwili baadaye nilinunua kamusi kuukuu kwa muuza vitabu wa barabarani. Nikatafuta "honey". Maana ya kwanza: asali. Mpenzi ilikuwa ya pili. Nikatoka mbio hadi mlangoni kwao, ndipo nikakumbuka kwamba wamehama. Tangu hapo natafuta kila neno, hata ninalolijua.

Pale kwenye kibanda sasa wanauza saruji. Bibi hayupo, na jina la gemu lile sikuwahi kulijua. Mbagala nimekwenda mara mbili kuulizia, nikatembea mitaa hadi miguu ikauma, nikiwa na neno moja tu la kumwambia. Mchezo ule alikuwa ameulipia yeye, kwa hela aliyoikusanya kidogo kidogo kwa kuuza ubuyu shuleni: shilingi mia mbili.