Kwenda Mpulungu Kumzika Shangazi

Niliondoka Sumbawanga kwa sababu ya simu ambayo haikufika hata dakika moja. Ilikuwa Alhamisi jioni, nimerudi kutoka shuleni ninakofundisha, nasonga ugali. Namba ilikuwa ngeni. Mwanamume alisema kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Mimi jirani wa Mama Yustina, hapa Mpulungu. Mama Yustina ametangulia. Mje mum..." Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikupatikana.

Yustina ni shangazi yangu, mdogo wake baba. Aliolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia, kabla sijazaliwa. Baba hakuwa amesema naye kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu bibi yetu alipofariki na shangazi asitokee mazikoni. Nilipomwambia baba maneno yale, aliuliza, "Alisema ametangulia?"

"Ndivyo alivyosema, baba. Halafu akasema mje mum..."

"Mumzike," baba akamalizia. Akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku tulipomzika mama.

Kwa umri wake na miguu yake hakuweza kusafiri. Ikabidi niende mimi. Simu yangu nilimwachia, maana yule jirani alikuwa na namba hiyo tu na huenda angepiga tena. Yeye alinivalisha saa yake ya mkononi.

Ijumaa asubuhi nilianzia ofisi ya uhamiaji kuchukua hati ya safari ya dharura. Nyumbani niliacha turubai limefungwa uani na akina mama wa jumuiya wakichambua maharage ya waombolezaji. Saa nne nikapanda basi la Kasanga.

Barabara ya kwenda Kasanga inapita kwanza kwenye uwanda wetu wa baridi, mashamba ya mahindi na ulezi kila upande. Jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja wa Msanzi. Aliona kitenge changu cheusi akanipa pole, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema tu kwamba alikuwa shangazi yangu. Nilikuwa nimemwona shangazi mara moja, nikiwa darasa la pili, na nilichokumbuka ni kwamba alicheka kwa sauti kubwa. Ningemlilia vipi mtu nisiyemjua? Karibu na Matai tukapishana na gari lililotoka ziwani, na kondakta wetu akapunga mkono.

Baada ya Matai barabara inashuka. Masikio yakaziba, sweta nikavua, na ziwa likatokea chini, pana, jeupe kwa jua. Saa nane nilikuwa Kasanga. Nikaulizia boti ya Mpulungu, nikaambiwa ni kesho. Nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na bandari, nikisali rozari kwa ajili ya marehemu, na kila fumbo nikijiuliza kama wamesubiri au wameshazika.

Jumamosi tuliondoka mapema. Boti ilibeba magunia ya mchele, kuku, na abiria wachache. Tulifuata ukingo wa ziwa, milima ikiwa upande wa kushoto imetumbukia majini, bila hata ufukwe. Sikuona mpaka wowote. Nilijua tumevuka pale abiria walipoanza kuongea Kibemba na mimi nikabaki na Kiswahili changu peke yangu. Mara nyingine wazee wawili walisema kwa Kilungu, na kwa kuwa nimelelewa kwa Kifipa nikadaka neno hapa, neno pale, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Mpulungu ni mji wa pilikapilika kuliko Kasanga. Harufu ya samaki inakupokea kabla ya watu. Niligongewa hati yangu muhuri, nikauliza kwa Mama Yustina wa Tanzania. Mchuuzi mmoja akanionyesha mlima mdogo na nyumba ya matofali yenye mlango wa buluu.

Nilipokaribia nilijitanda kitenge kichwani nikaanza kulia kwa sauti, kama anavyolia mtu anayeingia msibani. Nilitegemea nipokewe kwa vilio. Badala yake niliona watoto wakicheza kamba, na wanawake wawili wakianika dagaa. Kamba ikasimama. Wanawake wakanitazama, mikono imejaa dagaa. Nikanyamaza katikati ya kilio, nikadhani nimekosea nyumba.

Mzee mmoja mrefu akatoka nyumba ya pili akikimbia. "Wewe unatoka Sumbawanga?" aliuliza. Sauti yake niliitambua, ilikuwa ya kwenye simu. Huyu ndiye jirani, Mzee Chanda.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo. Mimi ni Fides, mtoto wa kaka yake Mama Yustina."

"Mbona unalia? Nani amekufa?"

"Shangazi," nikasema.

Mzee Chanda alishika kichwa. Akawageukia wale wanawake, akasema neno moja kwa Kibemba, na hapo ndipo kilio cha kweli kilipoanza. Mmoja aliketi chini akimwaga dagaa. Na mimi, nikiona sasa msiba umekuwa msiba, nikajiunga nao. Tulilia pamoja hivyo mpaka mzee akafuta machozi na kuuliza, "Alifia njiani, au alifika kwenu kwanza?"

"Afike kwetu vipi, mzee? Si amefia hapa?"

"Hapa? Hapa aliondoka mzima! Juzi Alhamisi, mimi mwenyewe nilimpandisha boti."

"Wewe ulisema ametangulia."

"Ndiyo, ametangulia. Amekwenda mbele. Nikasema mje mumpokee Kasanga, macho yake siyo mazuri."

Nikakaa juu ya jiwe. Kwetu neno hilo mtu akilisema kwenye simu, kwa sauti nzito, tena baada ya miaka ishirini, halina maana nyingine. Kwake lilikuwa na maana yake ya kawaida tu. Mke wa mzee, mmoja wa wale wanawake wawili, alianza kucheka huku bado anadondokwa na machozi, na mimi sikujua nifanye lipi.

Furaha haikudumu. Kama shangazi aliondoka Alhamisi, yuko wapi? Nimetoka Kasanga asubuhi ile ile sijasikia habari zake. Simu ya Mzee Chanda, kama nyingine zote pale mtaani, ilikuwa haina mtandao tangu siku ile. Alijaribu mbele yangu namba yangu, ile aliyoachiwa na shangazi, kimya.

"Macho yake yana nini?" nikauliza.

"Hospitali walimwambia yanazimika," alisema. "Mwaka huu, pengine mwaka ujao. Akasema, mimi naenda nimwone kaka yangu wakati bado naona."

Mchana ule mke wake, Mama Bwalya, alinionyesha nyuma ya nyumba ya shangazi. Kulikuwa na kipande cha ulezi, mabua membamba ya kusikitisha. "Kila mwaka anapanda," alisema kwa lugha zetu mbili zilizochanganyika. "Kila mwaka joto linaua. Anasema ni ulezi wa kwao." Nikamuuliza kwa nini shangazi hakuja kumzika bibi. Akashangaa kwamba sijui. Shangazi alikuwa wodini wakati ule, amejifungua mtoto aliyekufa, na habari ya msiba ilimfikia mwezi mzima baadaye. Aliandika barua. Baba hakuifungua, aliirudisha kwa mkono wa aliyeileta.

Jumapili asubuhi mzee aliniambia boti inaondoka saa mbili. Nikafika bandarini saa ya baba inaonyesha saa mbili kasoro dakika tano. Gati lilikuwa tupu. Nikajua imeniacha, nikaanza kulia tena, sasa kwa hasira. Mlinzi akanitazama kwa huruma. "Dada, hapa bado saa moja. Hiyo saa yako ni ya Tanzania, iko mbele saa nzima." Katika safari ile nzima ndilo jambo pekee lililonyooka haraka.

Kasanga tulifika mchana. Nilimuuliza kila mtu gatini juu ya mama mzee asiyeona vizuri, mpaka mchukuzi mmoja wa mizigo akasema, "Yule mcheshi? Alilala kwa masista. Ijumaa nilimpandisha gari la saa tatu la kwenda Sumbawanga." Gari la saa tatu! Basi ndilo lile tulilopishana nalo Matai. Niliazima simu yake, nikapiga namba yangu mwenyewe. Ikaita. Sauti ya mwanamke ikaitika.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

"Mimi ni shangazi yako marehemu," ilisema, na kicheko kikanijaa sikioni.

Jioni nilipofika nyumbani, turubai lilikuwa bado limefungwa na watu wanakula maharage yale yale, ila sasa wanaimba. Jirani alinisimulia. Shangazi alisikia vilio akiwa barabarani, akadhani kaka yake amekufa, akaingia uani akipiga yowe la jina lake. Baba alikuwa ndani, anamlilia yeye. Akatoka, akamwita Yustina. Akina mama wawili walizimia.

Nilimkuta baba amekaa kwenye mkeka kando ya dada yake. Nikampigia magoti shangazi, nikamwamkia, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kutoelewa, nikasema yote mbele yao, habari ya wodi na barua.

Baba alitazama mikono yake. "Sikuuliza," alisema. "Miaka yote hiyo, sikuuliza."

"Hata mimi sikuja kukuambia kwa mdomo," akajibu shangazi. "Niliogopa uso wako."

Nimejifunza nini? Nadhani ni kwamba neno lililokatika nusu, mtu hulimalizia kwa lile lililokwisha kujaa moyoni mwake, nami tangu siku hiyo nauliza mara ya pili hata nikionekana mjinga. Lakini sina hakika kama ni hilo tu. Mzee Chanda angesema vizuri, baba asingelia, na kama asingelia, sijui kama angetoka nje kumpokea.

Jua lilikuwa linazama. Shangazi alimvuta baba mkono. "Kaka, sogea huku penye mwanga," alisema. "Nataka nikuone sawasawa." Na baba yangu, mtu mkaidi kuliko wote ninaowajua, akainuka taratibu, akahamia upande wa mwanga, akatulia kama mtu anayepigwa picha.