Ampli Mbili za Misiera

Juzi mjini Mbarara nilimwona fundi akibadilisha waya nyuma ya spika, nikamkumbuka Mama na gita lake kanisani Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia.

Mchana mmoja wa ibada ampli, zile mashine za kukuza sauti, zilinuka vumbi lililoungua. Yetu sisi Wakongomani na ya Warundi, tuliosali nao lakini tukikaa mabenchi tofauti, kila moja na spika yake, peke yake ilisikika vizuri. Zikiwashwa pamoja, besi, ile sauti nzito, ilipotea. Mimi, mtoto, nilidhani zinachukiana. Watu wazima wakaanza kukemea pepo.

“Mulete kwanza bisibisi,” Mama alisema. “Maombi itafuata.”

Akabadilishanisha waya mbili za spika moja, na besi ikatetemesha benchi nililokalia. Sasa najua spika moja ilikuwa ikisukuma hewa huku nyingine ikivuta, sauti zikafutana. Siku ile niliamini Mama amezipatanisha, nikahamia benchi la Warundi. Msichana aliyenisogezea nafasi ndiye aliyenisimamia arusini.